Barua Aliyokataa Kuichapa

Pale chuoni hapakuwa na mtu aliyeogopwa kama karani wa kamati ya nidhamu, na wala hakuwahi kumgombeza mtu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi, na kicheko chake ukikisikia toka mwisho wa korido unajua kuna jambo. Kilichowatia wanafunzi hofu si yeye, bali kompyuta yake. Kamati ikishaamua, yeye ndiye aliyechapa barua: ya onyo, ya kusimamishwa masomo, ya kufukuzwa. Barua ilitoka mikononi mwake ikiwa na mhuri wa bluu, na mara nyingi aliyeipokea alikwenda moja kwa moja kufunga sanduku. Ndipo wanafunzi wakambandika jina la Mama Barua. Alilijua, na halikumkera.

"Afadhali Mama Barua," alimwambia mumewe. "Kuna mhasibu pale wanamwita Kupe."

Ofisi yake ilikuwa chumba cha mwisho ghorofa ya kwanza. Ilikuwa na makabati matatu ya chuma, na moja halifungi mpaka ulipige goti. Dirisha lilitazama njia itokayo mabwenini kwenda bwaloni, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewaona watoto wa watu wakipita pale na sahani zao, wengine wakipunga mkono, wengine wakiharakisha kana kwamba macho yake tu yanaweza kuwaandikia kosa.

Kilichombadilisha ni kikao kimoja cha mwaka juzi. Msichana wa mwaka wa pili alikuwa amekunywa na wenzake chumbani baada ya mtihani. Alipolala wakamfunika shuka, wakasema mwacheni, atazinduka mwenyewe. Alikoroma, wakacheka. Baadaye akawa hakoromi, wakadhani amepata usingizi mzuri. Alipokuja kuguswa alikuwa wa baridi.

Wale wasichana watatu waliletwa mbele ya kamati. Mwenyekiti, mhadhiri wa fizikia ambaye kila mtu alimwita Profesa, aliwauliza: "Muda wote huo, kwa nini hamkuita mtu?" Mmoja akasema, kwa sauti ambayo karani alilazimika kuinama ili aisikie:

"Tuliogopa barua."

Kazi ya karani ni kuandika kinachosemwa. Akaandika: Tuliogopa barua. Kisha kalamu ikasimama yenyewe, maana kila mtu mle ndani alijua barua huchapwa na nani. Wiki hiyohiyo alichapa nne. Tatu zilikuwa za kuwafukuza wale wasichana, na moja ya pole kwa wazazi. Hiyo ya pole aliirudia mara sita. Kila alipoisoma aliona haisemi kitu.

Hakuwa mtu wa kulia na kunyamaza. Mwezi uliofuata alikaa na muuguzi wa zahanati ya chuo, ambaye wote walimwita Sista, wakaandika kanuni mpya kwenye karatasi moja. Ilisema kwamba mwanafunzi akimwona mwenzake amezidiwa na pombe, akaita msaada, akabaki naye mpaka msaada ufike, na akamjibu mhudumu wa afya ukweli, basi yeye na mgonjwa hawataadhibiwa kwa kosa lolote la pombe litakalojulikana kutokana na wito huo. Badala yake, wote wawili watakwenda kwa Sista mara nne, wafundishwe na wazungumze. Msamaha hautamhusu aliyempiga, aliyemlazimisha au aliyemdhuru mwenzake.

Profesa alipoisoma alivua miwani. "Ukimchekea nyani utavuna mabua," alisema. "Tukianza kusamehe ulevi, hiki kitakuwa chuo au kilabu?"

"Heri nusu shari kuliko shari kamili, Mwenyekiti," alijibu karani. "Mabua tumeshavuna."

Mjadala ulichukua vikao vinne. Profesa alitaka maneno "kosa lolote la pombe" yabadilishwe yawe "kosa la kunywa." Karani hakuwa na kura, ila aliombwa aeleze, akaeleza. Mwanafunzi hana muda wa kupembua sheria mwenzake akiwa anatapika, alisema. Akijua amesamehewa hili lakini si lile, atakaa kufikiri, na akifikiri amechelewa. Kura zikapigwa, nne kwa moja. Kanuni ikapita kama ilivyoandikwa.

Nyumbani mumewe, dereva mstaafu ambaye pombe hakuwahi kuigusa hata kwa kidole, alimpokea kwa utani. "Karibu, wakili wa walevi!"

"Mimi ni wakili wa walio hai," alisema, akivua viatu. "Walevi watatafuta wa kwao."

"Mke wangu, mtoto akijua hatachapwa..."

"Baba watoto, wewe umeendesha lori miaka thelathini. Ukimkuta mtu amepinduka barabarani, unaanza kumnusa mdomo au unamtoa kwanza?"

Mzee akakuna kidevu. "Namtoa," alisema. "Halafu namnusa."

"Basi ndiyo kanuni yenyewe."

Kupitisha kanuni kumbe ilikuwa nusu tu ya kazi. Sista alichora karatasi yenye dalili za hatari: mtu unamtikisa haamki, anapumua taratibu mno au kwa kusitasita, ngozi imekuwa ya baridi au imepauka, anatapika huku amelala. Chini yake akaandika la kufanya. Mlaze ubavu. Usimwache peke yake. Usimmwagie maji, usimpe kahawa. Ita mtu. Wakazibandika kwenye milango ya vyoo vya mabweni yote, ambako hakuna asiyesoma.

Siku ya tatu karani alipita bweni la wavulana akakuta mtu ameongeza kwa kalamu nyekundu: "Panya, karanga hizi hapa." Wanafunzi walikuwa wameamua kwamba ni mtego. Ukipiga simu, jina lako linaandikwa, na wiki ijayo unaitwa.

Hakuibandua karatasi wala hakumtafuta mwandishi. Aliomba ruhusa kwa Mkuu wa chuo, na siku ya Jumatano, saa ya chakula cha mchana, akasimama mbele ya bwalo zima. Kipaza sauti kilikoroma kikafa. Akakiweka chini.

"Mnanijua?"

Kutoka meza za nyuma sauti moja ikapaa: "Mama Barua!" Bwalo likaangua kicheko, na yeye akacheka nao, tena kuliko wao.

"Ndiyo mimi. Sikilizeni, wanangu. Pombe sijaihalalisha. Ukilewa ukamtukana mlinzi, ukavunja kioo, barua yako iko palepale, na nitakuchapia kwa herufi nzuri uwaonyeshe wazee wako nyumbani." Wakacheka tena. Akangoja wanyamaze. "Lakini mwenzako akilala asiamke, ukaita mtu, ukakaa naye, ukasema kweli alichokunywa, barua yako siichapi. Akiniambia nani nichape? Yeyote. Siichapi. Na pale ofisini hakuna mwingine anayejua mashine ile, ina kichaa chake."

Aliposhuka alisikia watu wanapiga meza kwa vijiko. Hakujua kama wamemwamini. Alijua tu kwamba ameshasema, tena mbele ya watu mia nne, na neno likitoka halirudi.

Zilipita wiki tano. Jumamosi moja, katikati ya mitihani ya nusu muhula, alikuwa ofisini peke yake, mchana wa saa nane, akigonga mihuri kwenye vitabu vya majibu. Alisikia miguu inapanda ngazi, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Mlango ukafunguka bila hodi.

Aliyeingia alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye wenzake walimwita Kipaza, kwa kuwa alitangaza mechi za chuo bila kifaa chochote na kusikika mpaka barabarani. Karani alimjua vizuri. Alikuwa amemchapia barua mbili, zote za pombe, na ya pili ilikuwa onyo la mwisho.

Leo sauti yake ilikuwa imekwisha. "Mama, kuna dogo wa mwaka wa kwanza. Haamki."

Karani alikuwa amekwisha kusimama. "Anapumua?"

"Anapumua, lakini taratibu. Nimehesabu. Mara saba kwa dakika."

"Nani yuko naye?"

"Wawili. Tumemlaza ubavu kama karatasi ilivyosema. Sista simu yake inaita tu."

Karani alipiga hospitali akaomba gari la wagonjwa, akataja chuo, bweni na chumba bila kukwama hata neno moja. Akampigia mlinzi wa lango afungue geti lote na amwambie Sista, ambaye nyumba yake ilikuwa nyuma ya lango. Kisha akashuka ngazi akiwa ameshika sketi, Kipaza mbele, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikimbia. Wanafunzi waliokuwa njiani walisimama kumtazama. Mama Barua anakimbia!

Chumbani palinuka matapishi na pombe kali. Kijana alikuwa chini, ubavuni, mto umesukumwa nyuma ya mgongo asigeuke. Alikuwa mwembamba, midomo imepauka. Wavulana wawili walikuwa wamepiga magoti kando yake, mmoja akimshika kidevu kama mtu aliyeshika yai. Sista alifika na mkoba wake, kanga imefungwa juu ya gauni, sabuni bado mikononi maana alikuwa anafua. Akamwinamia.

"Amekunywa nini?" aliuliza. "Kiasi gani? Tangu saa ngapi?"

Wale wawili wakamtazama Kipaza, na Kipaza akamtazama Mama Barua. Karani alimsoma machoni. Mtoto yule alikuwa anaona barua ya tatu na basi la kurudi kwao.

"Sema, mwanangu," alisema karani. "Niliyoyasema bwaloni ndiyo hayo."

Kipaza akavuta pumzi. "Nilileta mimi. Chupa mbili ndogo za pombe kali. Tulikuwa tunajipongeza kwa mtihani wa jana. Yeye alikunywa moja karibu yote, hakuna aliyemlazimisha, alisema anaiweza. Tulianza saa sita. Asubuhi hakula kitu. Na jana alinionyesha dawa za mafua, zile zinazoleta usingizi. Nadhani amemeza na leo."

"Dawa ziko wapi?"

Mmoja akachomoa kipakiti chini ya godoro. Sista akakitia mfukoni. Gari lilipofika akapanda nalo, akampa daktari kile kipakiti mkononi. Jioni alipopiga simu alisema kijana amewekewa mashine ya kumsaidia kupumua, na daktari amesema zile dawa ndizo zilizokuwa zinammaliza kimyakimya. Wangemwacha alale tu, asingefika jioni. Asubuhi ya Jumapili alifumbua macho akaomba maji.

Kamati ilikaa Jumanne. Walikuwepo Profesa kwenye kiti chake, Sista, mlezi wa mabweni, mwakilishi wa wanafunzi na mhadhiri mmoja wa hesabu, na safari hii Mkuu wa chuo alikuja mwenyewe. Karani alikaa pembeni na daftari lake. Kwenye kiti karibu na mlango aliketi mama mzazi wa yule kijana. Alikuwa fundi cherehani, na alikuwa ametoka kwake kwa haraka hata utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni. Siku mbili alikuwa amekaa kando ya kitanda cha hospitali. Aliomba aseme kwanza.

"Mwanangu nilimleta hapa hajui hata harufu ya pombe," alisema. Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimemkuta ana mipira puani. Aliyempelekea chupa naambiwa yupo, anakula, analala. Mnangoja nini?"

Profesa akainamisha kichwa kwa heshima. "Mama, una haki. Poleni sana." Akawageukia wengine. "Nimesema tangu mwanzo. Samaki mkunje angali mbichi. Kijana huyu ana onyo la mwisho, na sasa kaingiza pombe bwenini. Kanuni yetu mpya inasamehe unywaji, sawa. Haisamehi kuingiza. Sidhani kama tunahitaji kupoteza muda. Karani, andaa barua ya kufukuzwa, Mkuu ataisaini kabla hatujatoka."

Karani aliweka kalamu chini. Baadaye alimwambia mumewe kwamba moyo haukumwenda mbio hata kidogo, na yeye mwenyewe alishangaa. Ilikuwa kama kusimama kwenye ngazi unayoijua.

"Samahani, Mwenyekiti. Hiyo sitaichapa."

Mlezi wa mabweni akageuka na kiti chake. Profesa aliona labda hakusikia vizuri. "Umesemaje?"

"Sitaichapa."

"Karani, wewe huna kura hapa."

"Sina, wala siiombi. Nina kanuni." Akafungua faili, akavaa miwani, akasoma: "'...hawataadhibiwa kwa kosa lolote la pombe litakalojulikana kutokana na wito huo.' Kosa lolote, Mwenyekiti. Kunywa, kuweka, kuingiza. Tumejuaje kwamba yeye ndiye aliyeingiza? Ametuambia mwenyewe, kwa sababu Sista alimuuliza, na alijibu kwa sababu tulimwahidi."

"Maana yake ilikuwa kunywa tu. Kila mtu anajua."

"Kumbukumbu za kikao cha nne, ukurasa wa tatu." Hakuhitaji hata kufungua, ila alifungua. "Mwenyekiti alipendekeza iandikwe 'kosa la kunywa.' Pendekezo likapigiwa kura, likashindwa, nne kwa moja. Hiyo moja ilikuwa yako. Niliandika mimi."

Mkuu wa chuo akakohoa, na kikohozi chake kilikuwa na kicheko ndani. Profesa akawa mwekundu wa macho. Mwakilishi wa wanafunzi akajikuta anaandika 'kosa lolote' kwenye kiganja chake.

"Tuseme," alisema Mkuu taratibu, "mimi ndiye nikuambie uchape?"

"Nitakuwekea funguo za ofisi hapa mezani, Mkuu, kwa heshima zote, utafute mwingine. Nimebakiza miaka miwili nistaafu na kazi hii naipenda. Lakini nilisimama bwaloni nikawaambia watoto mia nne kwamba siichapi. Nikiichapa leo, kabla ya saa kumi mabweni yote yatakuwa yanajua, na mwingine akizidiwa atafunikwa shuka." Akatua kidogo. "Ile barua ya pole kwa wazazi wa yule msichana, nakala yake iko kabati la pili. Yeyote anayetaka kufuta kanuni aisome kwanza."

Sista alitoa mfukoni kile kipakiti cha dawa, alichorudishiwa na daktari kikiwa kitupu, akakiweka juu ya meza mahali pa kuonekana na wote.

Mkuu alikitazama. Kisha akasema kanuni ni kanuni na itafuatwa. Kijana atakwenda kwa Sista mara nne, na mgonjwa akipona atakwenda vilevile. Onyo lake la mwisho halitafutwa, litabaki palepale, na siku atakayokutwa na chupa bila sababu ya wito asije kutafuta huruma. Profesa akaomba upinzani wake uandikwe. Karani akauandika, neno kwa neno, kwa herufi nzuri.

Mama fundi alikuwa ameshatoka.

Karani alimkuta chini ya ngazi, amesimama kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Hakumtetea mtu. Alisema tu, "Mama, chai," akamshika mkono, akampandisha ofisini kwake, akamwekea kikombe na kiti. Walikaa. Mama alikunywa nusu kikombe ndipo akasema.

"Mnawalea hawa. Mnawafunika."

"Huenda," alisema karani. "Mimi pia nina watoto wawili. Ningekuwa wewe, leo ningempiga mtu kiatu."

Mama akaguna. Haikuwa kucheka, lakini ilikuwa jirani yake. Akazungusha utepe wa kupimia kidoleni, akaufungua, akauzungusha tena. "Yuko wapi? Nataka kumwona."

Karani alisita, kisha akatuma ujumbe. Kipaza alikuja baada ya dakika kumi, amechomekea shati, mfuko wa plastiki mkononi. Akasimama mlangoni. "Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia mara moja. "Marahaba," alisema mwisho, kama mtu anayelipa asichopenda. "Ni wewe uliyeleta."

"Ni mimi."

"Kwa nini ulimpa?"

"Aliomba. Na mimi nilitaka tufurahi. Sikufikiri." Akameza mate. "Sina sababu nyingine, mama."

"Ulikaa naye?"

"Nilimwacha nikakimbia kumwita Mama... kumwita karani. Kabla ya hapo na baada ya hapo nilikuwepo. Alipotapika nilimshika kichwa."

"Alisema neno lolote?"

"Hapana, mama."

Mama akatazama mfuko. "Na hiyo nini?"

"Shati lake. Watu wa gari la wagonjwa waliliacha chumbani. Nimelifua, ila walilikata kwa mkasi ili wamwekee vile vidude kifuani."

Mama alilipokea akalifungua mapajani, na pale macho yake yakabadilika, yakawa macho ya kazi. Alipitisha kidole kwenye mkato, toka shingoni mpaka chini. Mkasi wa hospitali haukuwa umefuata mshono. Akakunja kingo mbili pamoja, akapima kwa jicho.

"Hili linashoneka," alisema, akilitia mkobani. Kisha bila kumtazama: "Sijakusamehe."

"Sawa, mama."

"Chumba chake nani mwingine analala?"

"Mimi, na hao wawili."

Mama akaufunga mkoba. "Mlezi wa mabweni amesema anaweza kumhamisha," alisema mama. "Nitamwambia asimhamishe. Nikimpeleka kwa wengine, sijui ni watu wa namna gani. Wewe angalau unaita." Akainuka, akaiweka sawa kanga yake. "Lakini ukimwekea tena chupa mbele yake, sitakuja kwa kamati. Nitakuja kwako."

"Ndiyo, mama," alisema Kipaza, na karani alimwona anaamini kila neno.

Muhula ule msaada uliitwa tena mara sita. Nne zilikuwa za watu waliohitaji kulazwa ubavu na kuangaliwa tu. Moja ilikuwa ya kweli, msichana wa mwaka wa pili, akapelekwa hospitali akarudi. Na moja ilikuwa ya mjanja aliyekuwa na jaribio asilolisomea, akajilaza korido na kumwambia mwenzake aite. Sista alimweka zahanati saa nne nzima na jagi la maji, akimwamsha kila dakika kumi na tano kumpima mapigo, kisha akampa vikao vyake vinne, vyote saa za mpira. Hakurudia, na habari zikaenea kwamba Sista hachezewi.

Kipaza alimaliza vikao vyake. Bila kuombwa na mtu, akaanza kutangaza zile dalili kabla ya kila mechi, kwa sauti ileile ya magoli, mpaka hata wauza karanga nje ya uzio wakazijua. Hakuacha pombe kabisa, na karani hakujidanganya kwamba ameacha. Ila bwenini chupa yake haikuonekana tena. Profesa naye hakubadilika. Kila kanuni ilipotumika aliomba upinzani wake uandikwe, na kila mara uliandikwa. Siku moja karani alimpelekea nakala zake zote kwenye faili moja jipya lenye jina lake, na Profesa akacheka bila kutaka.

Mwishoni mwa muhula mtu alibisha hodi ofisini. Alikuwa kijana mwembamba mwenye shati jeupe. Karani hakumtambua. Alikuwa amemwona mara moja tu, akiwa chini, macho yamefungwa.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuchukua kibali. Kuna mtihani nilikosa nilipokuwa hospitali, unarudiwa leo saa tatu."

Akamwuliza namba, akaitafuta kwenye kompyuta. Jina likatokea. Akainua macho. Shati lilikuwa na mshono mwembamba uliopanda katikati ya kifua, ulionyooka kama mstari wa rula. Ilibidi ujue ndipo uuone.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado."

Akatoa mkate kwenye droo, akamsukumia. Kijana akala amesimama, haraka, huku mashine yenye kichaa chake ikitafuna karatasi ya kwanza, ikaitema, ikakubali ya pili. Karani akagonga mhuri.

"Mama," alisema kijana, mdomo umejaa, "nilitaka kusema..."

"Utasema baadaye. Ni saa tatu kasoro tano."

Akaondoka mbio. Dirishani karani alimwona akikata njia ya bwalo, kibali kinapepea mkononi, akipishana na watu wenye sahani. Mlangoni pa ukumbi wa mitihani, ng'ambo ya njia, msimamizi alikuwa ameshika mlango, anataka kuufunga. Kijana akapiga kelele kidogo, na msimamizi akaushikilia mpaka akaingia.